Magugu ya Nyuma ya Jikoni

Swali langu la kwanza la utafiti lilikuwa kubwa kiasi kwamba kulijibu kungehitaji serikali tatu na wafadhili wa kutoka ng'ambo. Nililiandika kwa fahari, nikalipiga chapa na kulipeleka kwa msimamizi wangu: athari za mabadiliko ya tabianchi kwa usalama wa chakula nchini Kenya na Afrika Mashariki kwa jumla. Hilo "kwa jumla" niliongeza dakika ya mwisho, nikaona linapendeza.

Msimamizi wangu alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, daktari wa mambo ya mimea, aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kushika kalamu nyekundu hata akinywa chai. Alisoma mstari ule akakata "kwa jumla". Akakata "Afrika Mashariki". Akafikiri kidogo, akakata "Kenya". Nikadhani ametosheka, kumbe alikuwa anavuta pumzi tu. Aliponirudishia karatasi, neno lililobaki zima lilikuwa "chakula", na chini yake ameandika: Kipi?

"Uko na miezi kidogo, gari hauna, na hapo lab tuko na mizani moja," aliniambia. "Niambie kitu moja tu unaweza kuhesabu."

Nilitoka nimenuna. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili. Siku hizo nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Section 58, na msichana mwingine wa chuo, na jioni ile nilimweleza kwamba yule mwanamke ananichukia, na kwamba bila shaka ana kitu na watu wa Dundori. Mwenzangu aliniuliza kama msimamizi anajua ninatoka Dundori. Nikasema hilo si muhimu.

Yeye, yule mwenzangu, alikuwa anasomea utalii, na swali lake lilikuwa limepita bila vita. Alitaka kujua kama watu wanaopanda mlima Longonot husoma kibao kinachowakataza kutupa chupa. Angesimama kando ya kibao na kuhesabu wanaogeuza kichwa. Nilimcheka. Nilimwambia hilo ni swali la mtoto wa chekechea, na mimi niko chuo kikuu.

Swali langu la pili, kwa hiyo, lilikuwa la watu wazima: kwa nini vijana wa siku hizi hawapendi kilimo. Msimamizi hakukata kitu. Aliuliza tu. Vijana gani? Hawapendi kuliko nani? Huko kupenda nitakupima na nini, rula au debe? Nilijibu kadiri nilivyoweza, yaani vibaya. Mwishowe akauliza, je, nikienda huko nje nikute vijana wanapenda kilimo, itakuwaje? Nikamwambia hiyo haiwezekani. Akaweka kikombe chini.

"Swali yenye jibu yake haiwezi kuwa hapana sio swali," alisema. "Hiyo ni mahubiri, na mahubiri tunapata Jumapili."

Hapo nilianza kuogopa kweli, na ni vizuri niseme niliogopa nini. Idara ilikuwa imetangaza siku ya jopo. Kila mwanafunzi angesimama mbele ya walimu, aseme swali lake na atakavyolipima, waulize, waamue. Ukipita, unaenda nyanjani. Ukianguka, unangoja darasa linalofuata, na kuhitimu kwako kunasogea mwaka mzima. Kungoja mwaka hakungeniua mimi. Shida ilikuwa mama.

Mama alikuwa ameshasimama kanisani na kutangaza kwamba kitinda mimba wake atavaa joho mwaka huo. Baba alikuwa ametutoka zamani na kaka zangu wawili hawakufika chuo, kwa hiyo joho hilo lilikuwa la nyumba nzima. Akina mama wa kikundi chake walikuwa wameshachagua kitambaa cha zambarau cha kushonea sare za siku hiyo, na wengine walikuwa wameshashona. Hebu jaribu kumwambia mwanamke aliyekwisha kushona nguo kwamba sherehe imeahirishwa kwa sababu swali halina kipimo.

Na mama yangu si mtu wa kuchekwa. Maisha yake yote yanaendeshwa na sentensi moja: watu watasema nini. Yeye hufagia barabara ya serikali mbele ya lango letu. Sweta nzuri ni ya kupeleka maziwa kituoni, na ile iliyotoboka viwiko, iliyokuwa ya baba, ni ya ndani ya nyumba. Ukuta wa nyumba unaotazama lango umepakwa rangi. Ule mwingine umekuwa ukingoja rangi tangu nikiwa darasa la nne.

Hapa niseme shamba letu lilivyo, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Ni ukanda mwembamba, kama mengi ya pale, tangu shamba la mzungu lilipogawanywa. Juu kabisa, kando ya barabara, kuna shamba la viazi. Kisha unateremka malisho ya ng'ombe, mwendo wa kutosha kukufanya usahau ulichokuwa unaendea. Chini kabisa ndiko kuna nyumba, kisha jiko, na nyuma ya jiko kipande kingine kidogo cha shamba. Wapita njia huona viazi vya juu na ule ukuta wenye rangi kwa mbali, basi.

Nilirudi kwa msimamizi nimenywea, nikaongea mambo ya nyumbani kwa mara ya kwanza. Nikamwambia kwetu tunapanda viazi na wengine hutia samadi na wengine hawatii. Alikaa sawa kwenye kiti. Tukakata na kupunguza mpaka tukabaki na swali dogo kama punje: je, mistari ya viazi iliyotiwa samadi hukua kuliko isiyotiwa? Akaniambia nifanye jaribio dogo nyumbani nione kama linafanyika. Mistari mingine nitie samadi, mingine niiache hivyo hivyo, bila chochote, ili niwe na cha kulinganishia. Alilirudia hilo la kuacha bila chochote kana kwamba ananipa dawa ya kumeza.

Nilipanda viazi vyangu kando ya barabara, kwenye udongo mzuri wa juu, nikaweka vijiti vya kuonyesha mistari. Nikamweleza mama kwa utaratibu: hii inakula, hii haili, usiguse. Alitikisa kichwa vile anavyokitikisa mgeni akihubiri kanisani kwa Kiingereza. Nikarudi mjini kwa masomo.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi Dundori kuangalia. Sikuamini. Mistari yote ilikuwa kijani sawasawa, na kama kuna iliyozidi, ni ile isiyotiwa kitu. Nilipiga picha kwa simu, nikakagua vijiti upya, nikapiga picha tena. Mababu wetu walibeba samadi mgongoni bure! Nilishuka mjini nikijiona kwenye gazeti, nimeshika kiazi.

Msimamizi aliitazama picha kwa muda mrefu sana, na miwani bado iko kwenye paji la uso.

"Nani anakaa na hizi waru?" akauliza, akivigonga viazi vya pichani kwa kalamu.

Nikamwambia ni mama yangu.

"Rudi umuulize mama."

Nilirudi kumuuliza mama. Wala hakuficha. Alinieleza huku akimenya njegere, kwa sauti ya mtu aliyempa mgeni chakula na sasa anaulizwa kwa nini. Mistari ile ya njaa ilianza kuwa manjano, na ilikuwa imetazama barabara. Watu wanaopeleka maziwa walikuwa wanasimama langoni wakimuuliza kama anaumwa. Kwa hiyo aliitia samadi, na kwa vile ilikuwa imechelewa, akaiongezea na mbolea ya duka, ili ifikie wenzake.

"Ulitaka niwache waru yangu ikufe njaa mbele ya watu?" aliniuliza. "Watasema nini?"

Hayo yalikuwa hayajatosha. Akina mama wa kikundi nao walikuwa wameona ile manjano, wakaamua kuna huzuni nyumbani kwetu isiyosemwa, wakaja asubuhi moja na majembe, wakapalilia, wakasimama katikati ya jaribio langu na kuomba. Niliuliza kama waliombea mistari yote au ile ya manjano tu. Mama alifikiri. Alisema waliombea yote, lakini ile ya manjano zaidi.

Nilikasirika. Siku ya jopo ilikuwa imekaribia, hakukuwa na muda wa kupanda tena, na mtu aliyetaka joho lile kuliko mtu yeyote duniani ndiye aliyekuwa ameniangusha. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo na kwa sauti ya juu. Mama alimimina chai, akaniwekea kikombe cha wageni, na hilo liliniumiza kuliko kama angenijibu.

Nikachukua beseni la maji machafu ili nipate sababu ya kutoka, nikasukuma mlango wa nyuma wa jiko kwa mguu. Haukufunguka vizuri. Ulikuwa umezuiwa na magugu.

Nilikuwa nimeupita mlango ule maisha yangu yote bila kuona kilichoko nje. Kile kipande cha nyuma kilipandwa sukuma wiki na viazi kidogo vya kula nyumbani, hivyo ndivyo nilivyokumbuka, lakini ilibidi uwe na imani kuviona. Kishona nguo kilikuwa kimefika kifuani. Sangari ilikuwa imeshika ardhi kama zulia. Nilipomwaga maji, kuku alitoka mle ndani kwa hasira, na nyuma yake kukatoka vifaranga, wakubwa, wenye afya, vifaranga ambao mama alikuwa amewalilia kwamba wamebebwa na mwewe. Ningeweza kung'oa magugu yale nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, nikinyoosha mkono tu. Na huko juu, baada ya malisho yote yale, kando ya barabara, hakukuwa na jani moja la ziada.

Nilisimama na beseni tupu. Kisha nikacheka, nikacheka mpaka mama akaja kuchungulia kama nimepatwa na jambo. Nilimwambia ni kuku. Akawaona vifaranga, akafurahi, akasahau tulikuwa tumegombana.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa msimamizi kabla hajafungua ofisi. Nilimweleza kuhusu viazi vilivyolishwa kwa huruma, halafu nikamweleza kuhusu magugu, ila nilisema ni ya mkulima mmoja jirani yetu. Sijui kwa nini. Yaani, najua. Kisha nikatoa swali langu kwa mdomo, maana sikuwa nimethubutu kuliandika: je, shamba linaloonekana na wapita njia hupaliliwa zaidi kuliko shamba la mtu yule yule lisiloonekana?

Aliishusha miwani kutoka kwenye paji la uso akaivaa machoni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Akauliza nitahesabu nini. Nikasema magugu, ndani ya fremu ya mbao ya mraba, nikiitupa chini mbele na nyuma ya kila boma. Akauliza kama nitaweza kumaliza. Nikasema magugu hayana msimu mrefu kama viazi, na hakuna mtu wa kuyaonea huruma. Akauliza kama jibu linaweza kuwa hapana. Nikasema linaweza, labda watu wengine si kama jirani yetu. Alicheka kidogo, mara ya kwanza, akasema niende vijiji vya mbali na kwetu nione kama watu wataniruhusu kufika nyuma ya nyumba zao.

Hilo la nyuma ya nyumba halikuwa dogo. Hakuna mtu huku kwetu anayependa mgeni azunguke nyuma. Nilifukuzwa na mbwa. Mzee mmoja alitaka kujua kama serikali sasa imeanza kutoza magugu, na nilipomhakikishia haijaanza, aliniambia basi nisiipe mawazo. Mama mmoja alinipokea vizuri, akanipa uji, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja kwenye shamba la mbele, akisema hapa ndipo pazuri pa kupiga picha. Nilipoomba kuona la nyuma, aliniambia la nyuma limelala. Nikamuuliza limelala tangu lini. Tukacheka wote wawili, akanipitisha, na niseme ukweli, hata mimi niliogopa kuingia mle. Lakini nilirudi mjini na furaha, kwa sababu swali langu lilikuwa na miguu.

Kosa langu lilikuwa simu. Mama alinipigia akaniuliza huyo mwalimu bado anakataa maswali yangu, nami kwa uvivu wa kueleza nikasema bado kidogo. Akaniuliza ni siku gani mwalimu hakosi kazini. Nikataja siku ya jopo bila kufikiri.

Sasa, kwetu mtoto akiwa na shida shuleni, mzazi huenda kumwona mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa darasa la tatu nilipokuwa nikiongea sana, na ndivyo ilivyokuwa sekondari nilipoongea zaidi. Kwamba chuo kikuu hakina siku ya wazazi, hilo mama hakuambiwa na mtu. Alifika langoni pa chuo asubuhi ya jopo amevaa sare ya zambarau, ile ya sherehe, amebeba kabichi mkononi na mfuko wa viazi mgongoni. Askari alimuuliza, "Mathe, unaenda wapi?" Akamjibu amekuja kwa mkutano wa wazazi. Askari alimfungulia na kumbebea viazi.

Nilimkuta amesimama mbele ya msimamizi wangu kwenye ukumbi, nikatamani sakafu inimeze.

"Mwalimu," alikuwa anasema, "nimekuja kuuliza huyu mtoto ako na shida gani."

Msimamizi alimpa mkono kwa heshima. Akamwambia mtoto hana shida, shida ilikuwa swali, na sasa limetengenezwa. Kuhusu viazi, alisema kwa upole kwamba siku ya jopo hawezi kupokea kitu, mama akaanza kusawijika uso, ikabidi viazi vipelekwe kantini viliwe na kila mtu. Kisha, Mungu amsamehe, akamwambia mama kwamba jopo liko wazi kwa wote, akae asikilize.

Mama alikaa mstari wa pili, mgongo wima, mkoba magotini. Mimi nilikuwa nimemwambia utafiti wangu ni mambo ya magugu, basi. Nilipogeuka kutafuta pa kuweka karatasi zangu, nikaona jambo la kunimaliza. Karibu na dirisha alikuwa amekaa msichana wa nyumba ya juu yetu, binti wa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Alikuwa wa kozi nyingine, amekuja kumsindikiza rafiki yake. Mama yake na mama yangu wanasalimiana vizuri sana, kwa namna ya watu wanaohesabiana makosa. Lolote ambalo lingesemwa mle ndani lingefika Dundori kabla sisi hatujafika stendi.

Nilisimama nikaanza. Niliongea vizuri, nadhani. Nilieleza mbele na nyuma, fremu, kuhesabu. Nikaeleza nilivyopata wazo kwa mkulima mmoja, jirani, na kwa kuwa nilitaka wacheke wasiniulize mengi, nikawaelezea yule kuku na vifaranga vyake kutoka kwenye magugu. Walicheka. Mama hakucheka. Nilimwona akigeuza kichwa polepole na kunitazama, na nikajua amemtambua kuku wake.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mzee wa takwimu, mtu mpole mwenye sauti ya usingizi. Alisema swali linampendeza. Kisha akauliza.

"Lakini mtu anapalilia mahali miguu yake inafika. Pengine hiyo ya mbele iko tu karibu na nyumba. Utajuaje ni macho ya watu, na sio umbali?"

Lilikuwa swali zuri, na kama halina jibu, basi langu lilikuwa limekufa, kwa sababu ningekuwa napima kitu kimoja nikidhani ni kingine. Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo mdomoni. Najua boma ambalo shamba la nyuma linagusa mlango wa jiko na la mbele liko mbali kuvuka malisho, na la mbali ndilo safi. Lakini kulieleza boma hilo, kwa ramani yake, mbele ya msichana wa nyumba ya juu, ni kulitaja. Pale kwetu hakuna mwingine ambaye nyumba yake iko chini kabisa. Mwenye boma hilo ni mama yangu, na alikuwa mbele yangu na nguo ya zambarau.

Nikasema nitalifikiria hilo. Mzee aliinamia karatasi na kuchukua kalamu, na nikaona mwaka wangu unaenda. Nilikuwa nimeukubali. Niliona afadhali mwaka.

Kiti kikalia. Mama alikuwa amesimama, mkoba kaushika kwa mikono miwili, anauliza kama mzazi anaruhusiwa kusema. Mzee alishangaa, akamruhusu.

"Huyo jirani huyu mtoto anasema, ni mimi," mama alisema. "Kwangu nyumba iko chini huko, na waru ya kuonekana iko juu kwa barabara. Nikienda kupalilia hiyo napita ng'ombe zote, nafika nimechoka. Hii ya nyuma iko hapa kwa mlango. Naweza ng'oa nikiwa nimekaa. Na sing'oi, kwa sababu hakuna mtu hupita huko." Akaongeza, "Hata leo nimetoka nikaiangalia, nikafunga mlango."

Watu walicheka, kisha wakaacha. Mama hakuketi. Alikuwa anamtazama mzee wa takwimu kama mtu anayengoja kuambiwa kama risiti yake ni sahihi.

Mzee alivua miwani akaipangusa. Alimshukuru. Kisha akanigeukia mimi na kuniambia nichague maboma ya aina mbili, yenye nyumba karibu na barabara na yenye nyumba mbali na barabara, nihesabu kote kote, na umbali hautanisumbua tena. Akaandika kitu, akampa msimamizi wangu asome, naye akaweka sahihi kwa ile kalamu nyekundu. Nilikuwa nimepita.

Nilimshika mama mkono nikamtoa kwa mlango wa nyuma, haraka, nikimzungusha kando ya jengo la maabara ambako hakuna watu. Aliniuliza mbona namvuta. Nikasema ni jua.

"Kama ni yule msichana wa nyumba ya juu," alisema, "nilimwona. Alikuwa kwa dirisha. Nilimwona kabla nisimame."

Nilitaka kumwomba msamaha kwa ajili ya siku ile ya njegere, na kumwambia nampenda, na vyote vikakwama mahali pamoja. Nikaanza kulia pale pale, kwa sauti, na wanafunzi wa darasa lililofuata wakipita na vitabu vyao wakitutazama. Mama alifungua mkoba kutafuta leso, akakosa, akatumia pindo la ile nguo ya zambarau.